Glasi ya Dereva

Kwa watu wa mvuke, glasi ya maji ni mali ya dereva. Mchochea moto ana tanuri lake, ana makaa yake na koleo lake, ana mgongo wake unaomuuma, lakini glasi haigusi. Ni kijibomba cha kioo kilichosimama wima mbele ya macho yenu wawili ndani ya kibanda cha injini, na kazi yake ni moja tu: kuonyesha maji yamefika wapi ndani ya boila. Siku injini inapotoka karakana kwa mara ya kwanza, dereva huivalisha glasi kwa mkono wake mwenyewe. Hakuna kitabu kinachosema hivyo. Ndivyo walivyofanya waliotutangulia, na baba yangu ni mtu wa kuyashika ya waliotutangulia hata pale ambapo wao wenyewe wangekuwa wameshayaacha.

Siku ya safari ya kwanza ya abiria nilimkuta ameshapanda kibandani. Ovaroli yake ilikuwa imepigwa pasi, mikunjo imesimama, kazi ya mama hiyo. Mapajani alikuwa na kopo la maziwa ya unga lililoota kutu. Alilifungua, akafunua pamba, na chini ya pamba kulikuwa na ringi nyeusi za mpira.

"Hizo za nini?" nikamuuliza.

"Za glasi. Nilizitoa kwenye injini yangu ya mwisho kabla hawajaikata chuma chakavu. Hazijatumika hizi, zilikuwa za akiba. Nilijiambia, iko siku."

"Baba, stoo kuna mpya. Meneja aliziagiza."

"Zile ni za kuchezea watoto. Mpira ni huu. Shika."

Nikashika moja. Niliibonyeza kwa ukucha, ukucha ukaacha alama, na alama haikurudi. "Imechoka hii," nikasema.

"Hata mimi nimechoka. Mbona mliniita?"

Alizivalisha ringi zile kwenye ncha mbili za kioo, moja juu na moja chini, akakaza nati taratibu kwa vidole kwanza, kisha kwa spana, huku midomo ikitikisika kana kwamba anazinong'oneza. Aliponigeukia macho yalikuwa na maji. Nikaenda kuangalia moto wangu.

Injini yenyewe tulimpa jina la Mama Mkwe. Ungemkuta amelala nyuma ya karakana, majani yameota hadi kwenye magurudumu na nyuki wamejenga ndani ya bomba la moshi, usingedhani kuna mtu atamrudisha relini. Lakini shirika lilitaka treni ya matembezi, ya kupandisha abiria mlimani na kuwarudisha, watu wapige picha na watoto wasikie honi ya mvuke. Meneja wetu, kijana wa tai asiyeogopa kushika grisi, akaapa kwamba ng'ombe hazeeki maini. Basi tukambomoa mpaka kiunzi. Tukang'oa mabomba yote ya boila na kuweka mapya. Fundi wa kuchomelea, tunayemwita Miwani kwa sababu huipandisha kwenye paji la uso kisha akazunguka karakana nzima kuitafuta, alishinda ndani ya tanuri akiziba nyufa hadi tukawa tunampitishia chai kwenye mlango wa makaa. Kila tulipomaliza jambo moja Mama Mkwe alidai jingine, na mama mkwe hajibiwi. Unainamisha kichwa unafanya.

Baba alitolewa kwenye kustaafu kwake kwa sababu hakuna mwingine aliyebaki ambaye amewahi kuendesha mvuke. Mimi, binti yake, nilikuwa fundi wa dizeli. Nikaomba nafasi ya mchochea moto, na yeye akanifundisha kwa njia pekee aijuayo, yaani kwa kugomba. Koleo nusu, siyo kijiko cha uji! Mlango funga, unapasha joto mbingu? Nami sikuwa mtu wa kugombezwa nikanyamaza, maana mtoto wa nyoka ni nyoka. Watu wa karakana walikuwa wakituzimia mashine ili watusikilize vizuri.

Katika yote aliyonifundisha, moja alilisema kwa sauti ya chini. Mchochea moto anaweza kuungua, anaweza kuzimia, anaweza kumtapikia dereva wake viatuni, na yote hayo yatasahaulika. Lakini hamwagi moto njiani. Kumwaga moto ni kuiua injini mbele ya watu, ikaburuzwa nyumbani kama mzoga. Zamani zao kulikuwa na mtu aliyemwaga moto kwa hofu isiyo na sababu. Akaitwa Mwagamoto hadi kaburini, na wanawe wakaitwa watoto wa Mwagamoto shuleni.

Mama alikuwa behewa la kwanza, dirishani. Katika miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kupanda treni inayoendeshwa na mumewe. Alikuwa amefua makaa ya kutosha, alisema, hana haja ya kuyafuata yanakotoka. Siku hiyo alivaa gauni lake la harusi za watu na viatu vya kisigino. Baba alipomwona anapanda alijifanya anakagua breki.

Kabla ya kuondoka aliipima glasi kama inavyotakiwa. Ukifungua koki ndogo ya chini, maji yanatoka kwa kishindo na kioo kinabaki kitupu. Ukifunga, maji yanatakiwa kuruka juu palepale. Yaliruka. Gadi akapuliza filimbi, baba akavuta honi, na abiria wakapiga kelele kama watoto hata wale wenye mvi. Nitasema ukweli, na mimi nilipiga.

Bondeni mambo yalikwenda vizuri. Nilitupa makaa, nikafungua pampu ya kuingiza maji kwenye boila, nikaifunga, nikatupa tena makaa. Baba alikaa ameshika mkono wa mvuke, ule wa kuongezea na kupunguzia mwendo, kichwa nje, kofia imerudi nyuma, na kwa mara ya kwanza tangu anifundishe hakugomba. Tukavuka daraja. Baada ya daraja mlima unaanza, akanionyesha kidole: moto! Nikafunga pampu ili maji baridi yasishushe nguvu ya mvuke, nikainama, nikafanya kazi.

Nilipoinua kichwa, maji kwenye glasi yalikuwa yamesimama.

Lazima nieleze hili. Maji kwenye glasi ya injini inayotembea hayatulii. Reli ikitikisika nayo yanatikisika, yanapanda na kushuka kidogo bila kukoma, na sisi husema yanacheza. Hata kwenye reli nzuri kuliko zote yanacheza. Haya yalikuwa juu, karibu na robo tatu ya kioo, safi kabisa, na yametulia kama maji ya kwenye picha.

"Baba! Maji hayachezi!"

Akaingiza kichwa ndani. "Nini?"

"Maji! Hayachezi!"

Akatazama glasi. "Yako juu."

"Naona yako juu. Nasema hayachezi."

"Reli hii wameipanga upya. Ulitaka yacheze rumba?"

"Pampu nimeifunga tangu darajani. Tunapanda mlima na mabehewa yote haya, boila linakunywa maji kama lililolaaniwa. Yangepaswa kushuka. Yanapanda!"

"Kwa sababu tunapanda na sisi. Injini imeinua pua, maji yote yamekuja nyuma, huku kwetu. Hilo nilikufundisha mimi, mama."

Na kweli alinifundisha yeye, na kweli ndivyo ilivyo. Ndiyo maana niliingiwa na hofu ambayo sijawahi kuijua. Tanuri la moto liko nyuma, ndani ya boila, na paa lake ni bamba la chuma lililofunikwa na maji. Maji yakiwa juu yake, chuma hakiungui. Yakiondoka, chuma kinakuwa chekundu, kinalainika, na mvuke wote ulio juu yake unakibonyeza kikapasuka, na hapo hakuna cha dereva wala mchochea moto, wala behewa la kwanza. Wakati wa kupanda, maji yanakuja nyuma na kulifunika paa hata kama ni machache. Lakini ukivuka kilele injini inainamisha pua, na maji yote yanakimbilia mbele. Kama glasi ilikuwa inasema kweli, tungevuka kilele tukiimba. Kama ilikuwa inadanganya, paa lingebaki tupu juu ya moto niliokuwa nimeukoleza kwa mikono yangu mwenyewe.

Watu wananiuliza, kwani hakuna kizibo cha madini ya risasi? Kipo. Kimewekwa kwenye paa lenyewe ili kiyeyuke maji yakiisha na mvuke uuzime moto. Lakini kizibo hicho kinayeyuka wakati paa limeshaanza kuungua, na mimi siamini kitu kinachokupa tahadhari ukiwa umeshafika.

"Ipime glasi," nikasema.

"Niliipima."

"Ipime tena, baba. Nakuomba."

Neno nakuomba si la kawaida kinywani mwangu. Alinitazama, akafungua koki ya chini. Ssss! Kioo kikawa kitupu. Akaifunga. Maji yakarudi, lakini taratibu, kwa kujikokota, kama mgonjwa anayepanda ngazi.

"Umeona? Yamerudi."

"Stesheni yaliruka! Haya yamejikokota. Baba, ni zile ringi. Mpira umelainika kwa joto umeziba tundu la chini. Hayo siyo maji ya boila, ni mvuke uliopoa ndani ya kioo."

Nilikuwa nimelisema. Niliona limemfikia, maana taya lake lilikaza na akageuza uso kwenye reli.

"Ringi zile," alisema bila kunitazama, "zilikuwa kwenye kopo langu kabla hujazaliwa. Usiniambie mimi habari ya mpira."

Nikanyoosha mkono nikafungua pampu. Nilisikia maji yakiingia boilani, ule mluzi mzito wa kunywa, na moyo ukatulia kidogo. Mshale wa nguvu ya mvuke ukaanza kushuka, na mdundo wa bomba la moshi ukawa mzito. Baba akaruka, akanipita, akafunga pampu kwa kofi.

"Una wazimu? Glasi imejaa! Ukizidisha maji yataingia kwenye silinda, yapasue kila kitu huko mbele! Unataka kumvunja?"

Hapo pia hakuwa mjinga, naomba mtu asimwone baba yangu mjinga. Maji hayabonyezeki. Yakiingia kwenye silinda pistoni inayabamiza kama ukuta, na kazi yetu yote, na jasho lote la Miwani ndani ya tanuri, vingetawanyika kwenye majani. Kama yeye alikuwa sahihi na mimi nimekosea, pampu yangu ingemuua Mama Mkwe. Kama mimi nilikuwa sahihi na yeye amekosea, angetuua sote. Wote wawili tulikuwa tukitazama kioo kimoja.

Zilikuwapo koki tatu pembeni, zimepangwa moja juu ya nyingine, za kuonjea maji bila glasi. Nikafungua ya juu: mvuke, kama ilivyotarajiwa. Nikafungua ya kati, ambayo kwa glasi ile ilipaswa kutema maji. Mvuke mkavu, unaolia kwa sauti nyembamba. Nikafungua ya chini kabisa, iliyo juu kidogo tu ya paa la tanuri. Ikakohoa, ikatema mvuke na matone.

"Maji hayo, huoni?" akasema baba.

"Ya chini, baba! Ya chini! Na bado tunapanda!"

"Koki hizo zina kutu ndani. Nilimwambia Miwani azisafishe, akawa anatafuta miwani yake. Mimi naamini glasi."

"Basi tusimame. Simama hapa, tufungue tuangalie."

"Nikisimama hapa na mzigo huu sitaondoka tena. Unataka nisimame mlimani, leo, mama yako yumo?"

"Ndiyo kwa sababu yumo!"

"Tupa makaa," akasema. "Kilele kile pale."

Kweli, nilikiona. Njia ilikuwa imepinda kidogo na juu yake kulikuwa na kibao cheupe kinachoonyesha mwisho wa mpando, na baada ya kibao hakuna kitu ila anga. Kwa sababu ya mpindo niliweza kuyaona mabehewa nyuma yetu. Kila dirisha lilikuwa na mikono na simu. Kwenye dirisha la kwanza mama alikuwa ametoa kichwa, ameshika nywele zake kwa mkono mmoja, moshi wetu unampiga usoni, na alikuwa anacheka. Mama yangu si mtu wa kucheka hadharani. Alipoona namtazama akapunga mkono.

Nikashika koleo. Nasema haya ili ijulikane kwamba sikuwa shujaa. Nilichota makaa, nikageuka, nikasimama nayo mbele ya mlango wa tanuri, na mikono haikutaka. Mkono wa mvuke ulikuwa wa baba, breki ilikuwa ya baba, glasi ilikuwa ya baba. Sikuweza kuisimamisha treni ile hata kama ningelia. Kitu pekee kilichokuwa changu ndani ya kibanda kile kilikuwa moto.

Niliwaza, kama nimekosea, atakuwa ameaibika mbele ya kila mtu aliyewahi kumheshimu, siku moja aliyoingoja maisha yake yote, na aliyemwaibisha ni mwanawe wa kumzaa. Hatanisamehe, na hatakuwa na kosa kutonisamehe. Kisha nikawaza, heri nusu shari kuliko shari kamili. Nikatupa koleo chini.

Mkono wa kumwagia moto uko sakafuni, umefungwa kwa pini ili usiguswe kwa bahati mbaya. Nikaipiga pini teke. Haikutoka. Nikaipiga tena kwa kisigino, na hapo baba akageuka na kuona ninachofanya.

"Usithubutu!"

Pini ikatoka.

"Mwanangu, usinifanyie hivyo. Nakusihi. Usinifanyie hivyo."

Angenigombeza ningefanya kwa urahisi. Nikaushika mkono ule kwa mikono yangu miwili, nikauvuta kwa uzito wangu wote, na wavu wa tanuri ukafunguka. Moto wote ukaanguka. Nilisikia ukidondoka kwenye trei ya majivu na kumwagika kati ya reli, gunia baada ya gunia la makaa mekundu, na mwanga wa machungwa ukatuangaza kutoka chini. Abiria wakapiga makofi. Walidhani ni sehemu ya matembezi.

Baba hakunigusa. Alitazama tanuri jeusi, akafunga mvuke, akavuta breki. Mama Mkwe akasimama kabla ya kukifikia kibao cheupe, karibu kiasi kwamba ningeweza kukirushia jiwe.

Kilichofuata kilikuwa haraka. Gadi alikuja mbio na ndoo, meneja nyuma yake tai imerushwa begani, wakamwagia maji majani yaliyoanza kushika moto. Mimi nikafungua pampu, kwa kuwa mvuke ulikuwa bado upo na sasa hakuna aliyenizuia. Boila likanywa. Nikasubiri nisikie limeshiba, likazidi kunywa. Kama kweli lingekuwa limejaa lingeshafurika. Nilikuwa nimeiacha wazi koki ya kati, na ilitoa mvuke, mvuke, mvuke tu, huku maji yakiingia na kuingia, hadi nikakata tamaa kwamba itabadilika. Kisha ikakohoa, na ndipo ikaanza kutema maji.

Baba aliisikia. Alifunga koki za glasi, ya juu na ya chini, akachukua spana, akafungua nati. Kioo kilimuunguza vidole, hakujali. Alipokitoa, ringi ya chini ilibaki imenata. Haikuwa ringi tena. Ilikuwa imejisukuma ndani ya tundu kama chingamu iliyotafunwa, na katikati yake palibaki upenyo ambao hata sindano ingepita kwa kuombewa. Aliikwangua kwa kucha, akaiweka kiganjani, akaitazama.

Nilikuwa nimejiandaa. Nisiseme uongo, nilikuwa na maneno mengi, yamepangwa, mengine ya tangu utotoni. Ghadhabu ilikuwa imenijaa hadi meno yanagongana. Angetuua! Kwa kopo la maziwa! Nilifungua mdomo nimpe moja baada ya jingine, nikaona mkono wake unatetemeka kiasi kwamba ile takataka ya mpira ilikuwa inacheza kiganjani mwake, na maneno yote yakanipotea.

Mama alifika akiwa ameshika viatu mkononi, anakanyaga kokoto kwa soksi, masizi yamemjaa usoni. "Kuna nini? Mbona mmesimama? Watu wanasema tumefika, wengine wanasema imekufa."

Meneja naye alikuwa amesimama chini ya ngazi, anangoja jibu lilelile. Kwa desturi ya watu wa mvuke, la kibandani husemwa na dereva. Nikangoja. Nilijua angeweza kusema lolote na mimi nisingembishia mbele ya watu. Angesema pampu, angesema Miwani, angesema mchochea moto ameingiwa na hofu kama wanawake wanavyoingiwa, na nusu ya dunia ingemwamini.

Alishuka ngazi, kinyumenyume, kama mzee. Sikuwahi kumwona akishuka kama mzee. Akamnyooshea mama kiganja chake.

"Nilikuwa nakuua, mke wangu," akasema. "Hiki hapa nilichokuwa nakuulia. Aliniambia, nikabisha. Akanionyesha, nikabisha. Amemwaga moto mimi nikimsihi asimwage."

Mama aliutazama ule mpira. Hakuelewa ni nini, ila alimwelewa yeye. "Na yeye ulikuwa unamuua?" akauliza.

"Na yeye."

Mama akanitazama mimi juu kibandani, kisha akamtazama tena, na sikuweza kujua atampiga au atamshika. Meneja akasafisha koo. Alisema ataomba injini ya dizeli ije ituvute, kwamba hakuna aliyeumia, hilo ndilo la muhimu, kwamba abiria wataambiwa ni hitilafu ndogo ya kiufundi, yeye mwenyewe atatangaza.

"Hapana," baba akasema. "Siyo hitilafu. Hitilafu ni ya injini, na Mama Mkwe hana kosa lolote. Nitawaambia mimi."

"Mzee, si lazima."

"Walipanda kwa sababu waliambiwa dereva anajua kazi."

Akavua kofia. Akaenda kwenye dirisha la kwanza la behewa la kwanza, ambako familia iliyokaa na mama ilikuwa bado inapiga picha, na nikamsikia akisema kwa sauti yake ileile ya kunigombeza, iliyozoea kushindana na mvuke: "Mimi ndiye dereva. Nilifunga glasi ya maji vibaya, kwa ukaidi wangu. Mlikuwa hatarini na sikutaka kuambiwa. Naomba radhi." Simu zikashuka. Akasogea dirisha la pili, akasema tena, neno kwa neno. Mzee mmoja akamwambia basi, yameisha, akampa mkono. Mwanamke mmoja mwenye watoto alimtukana, tusi zito, naye akalipokea lote hadi mwisho, akainamisha kichwa, akaenda dirisha la tatu.

Nilishuka. Nilikuwa nalia bila kujua nimeanza lini. Mtu aliyekuwa hawezi kuniomba radhi hata akinikanyaga mguu, alikuwa anatembea juu ya kokoto kofia mkononi, anaomba radhi kwa wageni, dirisha kwa dirisha, na treni ilikuwa ndefu. Nikaanza kumfuata nimrudishe. Nilitaka kumwambia inatosha, kwamba mimi nimesikia, kwamba kama ni mimi yameisha.

Mama akanishika kwa ukosi wa ovaroli.

"Mwache," akasema.

"Mama, watamvunja."

"Mwache amalize. Ukimzuia katikati atakuwa ameomba nusu."

Akaniachia, akavaa viatu vyake vya kisigino palepale juu ya kokoto, akajifuta masizi kwa kiganja yakazidi kuenea, akaondoka kwa kuyumbayumba hadi akamfikia. Hakumshika mkono. Alisimama pembeni yake dirisha la nne, na la tano, na yaliyofuata, akitazamana na kila aliyetaka kumtukana mumewe, mpaka wakafika behewa la mwisho.